Kompyuta Inayojiwasha Upya Baada ya Kuongezewa RAM: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayeitegemea kompyuta kwa kazi: mwenye steshenari katika Kata ya Bilele mjini Bukoba, mwalimu wa sekondari wilayani Muleba, au mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya kahawa ya wakulima. Wengi wao huongeza RAM kwa sababu ileile: kompyuta imekuwa nzito, na kununua nyingine ni gharama kubwa. Mara nyingi kazi hiyo huisha salama. Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo kompyuta iliyokuwa nzito lakini imetulia hurudi kutoka kwa fundi ikiwa nyepesi lakini haitulii. Hujizima na kujiwasha yenyewe, au ikiamriwa kuwaka upya hairudi.

Hapo ndipo mlaji hupoteza fedha. Huambiwa kwamba ubao mama umeungua, au kwamba Windows inahitaji kusakinishwa upya, naye hulipia tiba ya pili kabla ugonjwa haujajulikana. Tunalotaka kulionyesha hapa ni hili: vipimo vichache, vikifanywa kwa mpangilio na kuandikwa, hutosha mara nyingi kuonyesha kasoro iko wapi, na maandishi hayohayo humsaidia mlaji anapomrudia muuzaji.

1. Tambua dalili kabla ya kutafuta sababu

Tatizo hili lina sura nne, na kila sura huelekeza mahali pake.

(a) Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi. Mara nyingi kijiti cha RAM hakijaingia sawasawa katika sloti yake, au si aina inayokubaliwa na kompyuta hiyo. Katika kompyuta mpya zinazotumia DDR5, kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM kunaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Subiri, usikate umeme haraka.

(b) Kompyuta inawaka, inazimika na kuwaka tena bila kufika kwenye Windows. Chunguza mkao wa kijiti, aina yake na uzima wake.

(c) Inafika kwenye Windows, kisha inajiwasha upya katikati ya kazi. Kijiti kinaweza kuwa na kasoro inayojitokeza pale tu sehemu mbovu inapotumika.

(d) Inawaka vizuri ikiwa imezimwa kabisa, lakini ikiamriwa kuwaka upya inaganda. Hii huonekana hasa pale vijiti viwili visivyolingana vinapofanya kazi pamoja.

Kwa dalili ya (c), fahamu kwamba Windows ina mpangilio unaoiamuru kompyuta ijiwashe upya yenyewe kila inapopata hitilafu kubwa. Mpangilio huo ukizimwa, ujumbe wa hitilafu hubaki kwenye skrini. Upige picha kwa simu. Maneno MEMORY_MANAGEMENT ni dokezo la tatizo la kumbukumbu, ingawa peke yake hayatoshi kuwa hukumu.

2. Kabla ya kufungua

Acha kwanza kufanya kazi kwenye kompyuta hiyo. RAM mbovu haiishii kuzima mashine. Inaweza kuharibu faili wakati linapohifadhiwa, na mwenye nalo asijue hadi siku atakapolihitaji. Ikiwa kompyuta hutulia RAM ya zamani inapokuwa peke yake, irudishe kwanza, ndipo unakili mafaili kwenye diski ya nje au flashi.

Zima kompyuta kabisa. Katika matoleo ya karibuni ya Windows, kuzima kwa kawaida kunaweza kubakiza sehemu ya hali ya mfumo ili uwake haraka. Ukishikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, mfumo huzimika wote. Kisha chomoa waya wa umeme, na kwa kompyuta mpakato ondoa au tenganisha betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kugusa RAM, na ukishike kijiti kwa kingo zake. Usifungue kamwe pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ikiwa kifaa bado kina waranti, muulize aliyeitoa kama kukifungua mwenyewe kutaivunja. Jibu likiwa ndiyo, mwachie fundi wake afanye vipimo hivi mbele yako.

3. Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza: toa kijiti kipya na uache cha zamani peke yake. Itumie kompyuta kwa muda mrefu kuliko ule ambao tatizo huchukua kujitokeza. Likiendelea, kijiti kipya huenda hakina hatia: tazama waya zilizoguswa wakati wa kazi, vumbi, joto na umeme. Likikoma, endelea.

Kipimo cha pili: weka kijiti kipya peke yake katika sloti ileile ambayo kijiti cha zamani kimefanya kazi vizuri. Kisukume hadi vibanio vijifunge. Tatizo likirudi, kijiti hicho ni kibovu au hakiendani na kompyuta yako.

Kipimo cha tatu: weka kijiti cha zamani katika sloti ya pili. Kompyuta ikigoma hapo, tuhuma huhamia kwenye sloti.

Kipimo cha nne: ikiwa kila kijiti na kila sloti vimefaulu, rudisha vijiti vyote viwili. Tatizo likirudi hapo tu, shaka kubwa ni kwamba vijiti havipatani. Tiba yake inaweza kuwa kununua jozi inayofanana, au kusasisha BIOS.

Baada ya kila badiliko kompyuta ikiwaka, tumia pia kipimo kilichomo ndani ya Windows: bonyeza kitufe cha Windows, andika mdsched, kisha kubali kompyuta iwashwe upya. Kipimo kikionyesha hitilafu hata mara moja, usiipuuze. Kumbuka kwamba baadhi ya kompyuta mpakato zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama na sloti moja tu. Kwa hizo, linganisha hali ilivyo kijiti cha nyongeza kikiwamo na kikiwa kimetolewa.

4. Andika unachokiona

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mwenye steshenari wa Bilele, ambaye daftari lake linasomeka hivi:

Jumatatu, saa 3 asubuhi. RAM ya zamani peke yake, sloti ya 1. Imefanya kazi hadi saa 11 jioni bila kuzimika.
Jumanne, saa 3 asubuhi. RAM mpya peke yake, sloti ya 1. Imejiwasha upya mara tatu kabla ya saa 5.
Jumanne, saa 8 mchana. RAM ya zamani, sloti ya 2. Hadi jioni imetulia.

Mistari hii mitatu inasema mengi. Sloti zote mbili zimefaulu, RAM ya zamani imefaulu, na kilichoshindwa ni kimoja. Mtu akimwambia mama huyu anunue ubao mama mpya, anayo sababu ya kukataa. Faida ni kubwa zaidi kwa mkazi wa Kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, ambaye safari ya kuja mjini humgharimu nauli ya boti na ya gari pamoja na siku nzima ya kazi. Akija na daftari, anaweza kumaliza shauri lake kwa safari moja.

5. Usisahau umeme

Si kila kuzimika ni kosa la RAM. Kompyuta ya mezani ikizimika wakati uleule taa zinapofifia, ushahidi unaelekea kwenye umeme. Rudia kipimo ukitumia UPS. Kwa kompyuta mpakato, tumia betri iliyojaa chaji. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi wakati wa kusasisha BIOS, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza kushindwa kuwaka tena.

6. Haki yako huanza kabla ya kununua

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani nafasi: mapengo yao hayalingani, na umeme wake ni volti 1.5, 1.2 na 1.1 kwa mfuatano huo. Ipo pia DDR3L ya volti 1.35, na baadhi ya kompyuta mpakato huikubali hiyo tu, ingawa DDR3 ya kawaida huingia kwenye sloti yake bila shida. Windows ya biti 32 nayo haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiongeza kiasi gani.

Kwa hiyo mpe muuzaji jina kamili la kompyuta yako pamoja na modeli yake, na uombe viandikwe kwenye risiti au hati ya mauzo. Sheria za Tanzania zinazosimamia mauzo hutambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi aliyokusudia na kuutegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, kwa mfano kumuuzia kifaa kilichotumika kwa jina la kipya. Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikukatishe tamaa ya kumrudia muuzaji aliyekuuzia kifaa kibovu.

Dai risiti ya EFD na uitunze mahali pakavu. Piga picha yake pia, kwa kuwa wino wake hufifia. Ukinunua Kampala na kupitisha kifaa Mutukula, kifaa kinaweza kuwa kizuri na bei nafuu, lakini muuzaji wake yuko chini ya sheria za Uganda, na kumrudia ni kuvuka mpaka.

Kasoro ikithibitika, mwendee muuzaji mapema ukiwa na kijiti, risiti na daftari, nawe useme unachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Akikataa, mwandikie barua na ubaki na nakala. Hatua inayofuata ni kumwona Afisa Biashara wa halmashauri yako au kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Unapomwachia fundi kompyuta yenye vyeti na vitambulisho vya wateja wako, usimpe nywila bila sababu. Kubadilisha vijiti na kufungua BIOS hakuhitaji nywila yako ya Windows, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta inajiwasha upya ikiwa na vijiti viwili, lakini inatulia kwa kila kimoja na katika kila sloti. Je, ni haki kusema kijiti kipya ni kibovu?
2. Kwa nini mwenye steshenari aliacha RAM ya zamani ifanye kazi kutwa nzima badala ya dakika kumi?
3. Chukua risiti yako ya mwisho ya kifaa cha kompyuta. Je, inataja modeli ya kompyuta uliyokinunulia? Kama haitaji, utamwomba nini muuzaji safari ijayo?