Shairi lisilo na maneno

"Dada" tunayemsoma leo si ndugu yetu wa kike. Ni jina walilojiita wasanii fulani mwaka 1916 mjini Zurich, Uswisi, nchi ambayo haikuingia vitani. Kwa Kifaransa ni farasi wa kuchezea watoto.

Vita yenyewe ni ile ya 1914 hadi 1918, iliyowabebesha babu zetu mizigo ya majeshi, wengi wakafia njiani.

Mjerumani Hugo Ball mwanzoni alitaka kuwa askari. Akakataliwa kwa sababu ya afya. Basi akaenda kujionea vita. Alichokiona kilimgeuza kabisa. Akahamia Zurich na mwimbaji Emmy Hennings, wakafungua ukumbi mdogo wa maonyesho.

Usiku mmoja wa Juni 1916 Ball alivaa makaratasi magumu, hata kutembea hawezi. Ikabidi abebwe mpaka jukwaani! Akasoma shairi la sauti tupu, bila neno la lugha yoyote.

Sisi tunaofundisha kusoma tulishangaa: mtu msomi anayatupa maneno? Lakini Ball alieleza kwamba magazeti yalikuwa yameiharibu lugha. Maneno matamu ndiyo yaliyokuwa yakiwaita vijana waende kufa, naye hakutaka kuyatumia tena.