Haki Iliyovaa Jina la Msaada: Istilahi za Mafao ya Watu Wenye Ulemavu na Wazazi Walio Kazini, kwa Mtazamo wa Kaloleni, Kisumu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza majina ya Kiswahili yanayotumika kutaja mafao ambayo sheria na serikali huwawekea watu wenye ulemavu na wazazi walio kazini. Hoja kuu ni kwamba jina la fao hupanga uhusiano baina ya mwananchi na ofisi: lile liitwalo msaada husubiriwa, na lile liitwalo haki hudaiwa. Mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu umetumiwa kama kituo cha kutazamia suala hili, na istilahi za Kenya zimelinganishwa na zile za Tanzania Bara na Zanzibar. Mwishoni yametolewa mapendekezo pamoja na maswali ya mjadala.

1.0 Utangulizi

Kaloleni ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Kisumu. Ni mtaa wenye historia ndefu ya wakazi Waislamu na ya matumizi ya Kiswahili nyumbani, msikitini na sokoni, katika mji ambao Dholuo ndiyo lugha ya walio wengi. Soko la Kibuye haliko mbali, na wakazi wengi hupata riziki kwa biashara ndogondogo, vibarua na uchukuzi wa bodaboda. Mtaa wa namna hii unafaa kwa uchunguzi wa istilahi kwa sababu sheria hufika humo ikiwa imepitia lugha kadhaa. Hutungwa kwa Kiingereza, ikaelezwa kwa Kiswahili katika baraza la chifu, kisha ikajadiliwa kwa Dholuo uani.

Katika safari hiyo maana huweza kupotea. Dholuo hutofautisha wazi kony, yaani msaada, na ratiro, yaani haki. Kiswahili nacho kina maneno hayo mawili. Hata hivyo, fedha za serikali kwa mtu mwenye ulemavu mkali zinapotajwa, neno linalotangulia mara nyingi ni msaada. Swali la makala haya ni hili: je, neno hilo linaafikiana na sheria? Na kama haliafikiani, ni nani anayepata hasara?

2.0 Hifadhi ya Jamii au Malipo ya Uzeeni?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Ibara hiyohiyo inaitaka Serikali iwape hifadhi ifaayo watu wasioweza kujikimu wao na wategemezi wao. Kwa hiyo msingi wa mafao haya ni haki, wala si hisani.

Hata hivyo, tazama jina la taasisi kongwe katika uwanja huu. NSSF ya Kenya iliundwa mwaka 1965, na jina lake la Kiingereza linataja hifadhi ya jamii kwa upana wake. Katika Kiswahili cha vyombo vya habari vya Kenya, taasisi hiyo imezoeleka kama Hazina ya Malipo ya Uzeeni. Kwa tafsiri hiyo, dhana pana imebanwa ikawa umri mmoja tu wa maisha. Ilhali hazina hiyo hutoa pia fao kwa mwanachama ambaye amepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na fao kwa warithi wa mwanachama aliyefariki. Kijana wa miaka 30 anayevunjika uti wa mgongo kazini, akisikia neno uzeeni, hana sababu ya kudhani kwamba mlango huo unamhusu. Jina limemfungia kabla karani hajamfungia.

Nchini Tanzania, taasisi inayolingana nayo huitwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na yale inayoyatoa huitwa mafao. Mfuko huo hulipa mafao ya uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti, jambo ambalo hazina ya Kenya hailifanyi. Haisemwi hapa kwamba jina ndilo lililozaa fao. Kinachosemwa ni kwamba jina pana huacha nafasi ya fao jipya, na jina finyu hulifanya lionekane geni.

Neno mafao lenyewe linastahili kutazamwa. Limetokana na kitenzi -faa, na maana yake ni yale yanayomfaa mtu kwa kuwa yamemstahiki. Nchini Kenya mahali pake huchukuliwa na marupurupu au posho. Marupurupu huibua picha ya nyongeza juu ya mshahara, hasa ya waheshimiwa wabunge. Ni vigumu neno hilo kumkaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Posho nayo ni ya kujikimu kwa siku chache. Ruzuku ina heshima yake, ila imezoea kwenda na mbolea na mafuta.

3.0 Inua, Nusuru na Pensheni

Mpango wa kupeleka fedha kwa kaya maskini ulianza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2004, ukiwalenga watoto yatima na wengine walio katika hali ngumu. Kufikia mwaka 2007 ulikuwa umefika Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba, sehemu za ziwani zilizoathirika vibaya na UKIMWI. Mpango wa wazee ulifuata, kisha mwaka 2011 ukaja ule wa watu wenye ulemavu mkali. Baadaye mipango hii iliwekwa chini ya jina moja, Inua Jamii. Mwaka 2018 kila Mkenya aliyefikisha miaka 70 alifunguliwa mlango bila kuulizwa umaskini wake. Kwa mwenye ulemavu, sharti la umaskini wa kaya lilibaki, pamoja na sharti kwamba ulemavu uwe wa kiwango cha kuhitaji uangalizi wa mtu mwingine wakati wote. Kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kilidumu kwa zaidi ya mwongo mmoja, huku bei ya unga ikipanda.

Tukilinganisha majina, tofauti hujitokeza. Kenya inasema Inua Jamii. Tanzania Bara, kupitia TASAF, ilianzisha mwaka 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Zanzibar ilianzisha mwezi wa Aprili 2016 Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi.

Vitenzi -inua na -nusuru vyote vina mtenda na mtendwa. Yupo anayeinua na yupo aliyelala chini. Yupo mwokozi na yupo anayezama. Anayeinuliwa huinuliwa kwa wakati atakao mwinuaji. Ndiyo maana malipo yanapochelewa kwa miezi, jambo ambalo limewahi kutokea nchini Kenya zaidi ya mara moja, wengi husema kwamba pesa hazijatoka, kana kwamba ni mvua. Pensheni, kwa upande mwingine, ni nomino isiyomtaja mwokozi. Mzee wa Unguja aliyevua samaki maisha yake yote bila kuajiriwa anaitiwa pensheni sawa na karani mstaafu. Pensheni ikichelewa, watu huuliza ni nani aliyeichelewesha.

4.0 Mtu Kwanza, Ulemavu Baadaye

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inagusa moja kwa moja kazi ya mwanaisimu. Inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra katiba kuingilia msamiati wa watu, hii imeingilia.

Kuna hoja iliyozoeleka darasani kwamba udunishaji umo katika ngeli, kwa kuwa kipofu, kiziwi, kilema na kiwete hubeba kiambishi ki- cha vitu na udogo. Hoja hii ina ukweli nusu. Kiongozi, kijana na kinyozi pia wanabeba kiambishi hicho, na hakuna anayelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwarudisha wote katika ngeli ya viumbe hai: husemwa kipofu amefika. Anayesema kilema kimefika ndiye anayetukana, na tusi lake limo katika upatanisho. Tatizo kubwa zaidi ni kuufanya upungufu mmoja kuwa jina zima la mtu. Kwa sababu hiyo mtu mwenye ulemavu ni bora kuliko mlemavu, na mlemavu ni bora kuliko kilema. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi yake.

Maneno hubadili hata idadi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu asilimia 3.5 ya watu kuwa na ulemavu. Ile ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2. Ulemavu haukupungua kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni swali, kwa kuwa mwaka 2019 watu waliulizwa kiwango cha ugumu wanaoupata katika kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, na watoto walio chini ya miaka 5 hawakuhesabiwa katika kipengele hicho. Bajeti huandikwa kwa kufuata hesabu, na hesabu hufuata swali.

Mfano mwingine ni msamaha wa kodi. Agizo la mwaka 2010 liliondoa kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi ya mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza na kupewa cheti. Kwa Kiswahili, hatua hiyo huitwa msamaha, neno la mkosaji aliyerehemewa. Mfanyakazi huyo hakukosea. Sheria inatambua kwamba kuishi kwake kuna gharama zaidi: kiti cha magurudumu, msaidizi, nauli ya gari badala ya miguu. Nafuu ya kodi ingesema kweli zaidi. Methali hujafa hujaumbika inatukumbusha kwamba fao hili ni akiba ya kila mtu, kwani hakuna ajuaye kesho yake.

5.0 Mzazi Aliye Kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 29, inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwajiriwa mwanamume wiki mbili. Sheria iliyotangulia ilitoa miezi miwili na kumnyima mama likizo yake ya mwaka huo. Ile ya 2007 iliondoa adhabu hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Kiswahili kina jambo la kufundisha hapa. Neno mzazi halina jinsia. Baba ni mzazi na mama ni mzazi, na uzazi ni wa wote wawili. Ibara ya 53 ya Katiba inasema vivyo hivyo inapowapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto. Lakini likizo ya uzazi ikitajwa, masikio husikia mama peke yake, na baba huonekana kama anayeomba ruhusa.

Pengo kubwa zaidi ni la neno mwajiriwa. Gharama ya likizo hii iko kwa mwajiri. Asiye na mwajiri hana wa kumdai. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo nchini Kenya ni za sekta isiyo rasmi. Muuza mitumba wa Kibuye hufanya kazi kuliko wengi, lakini mbele ya kifungu cha 29 si mfanyakazi.

6.0 Mlezi Asiye na Jina

Suala la ulemavu na suala la mzazi hukutana katika mtu mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa Kaloleni ambaye mwanawe wa miaka tisa hawezi kukaa wala kula bila kushikwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama huyu hawezi kumwacha mtoto na kwenda kupanga nyanya sokoni. Mpango wa fedha unamtambua mtoto kama mnufaika, na mama kama mkono wa kupokelea. Siku anazozikosa sokoni hazina jina, na kisicho na jina hakipati safu katika fomu.

Kwingineko jina limewahi kutafutwa. Afrika Kusini ina fao la mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkali. Uingereza ilianzisha lake mwaka 1976, likiwa na jina lililomtaja mtunzwaji kuwa asiyejiweza. Wanawake walioolewa walinyimwa hadi mwaka 1986, baada ya mwanamke mmoja aliyemtunza mama yake kushinda kesi katika Mahakama ya Ulaya. Mwaka 2003 jina lilibadilishwa, likawa fao la mlezi. Kiswahili cha Kenya bado kinakumbatia neno wasiojiweza, ambalo humkanusha mtu mbele ya nafsi yake mwenyewe, huku neno mlezi likiwa limekaa tayari bila kutumiwa.

7.0 Hitimisho

Ni kweli kwamba jina halijazi chungu. Shilingi 2,000 zikiitwa mafao bado ni shilingi 2,000. Lakini anayejua kwamba ni haki yake ana la kufanya anapokataliwa: Ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoathiri haki zake, na Ibara ya 35 inampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Anayedhani ameomba msaada hurudi nyumbani na kungoja.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba mafao litumike nchini Kenya kama istilahi ya jumla. Kwamba hifadhi ya jamii irudishiwe upana wake. Kwamba nafuu ya kodi ichukue nafasi ya msamaha. Na kwamba fao la mlezi liingie katika msamiati hata kabla ya kuingia katika bajeti. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza kwa kazi ndogo: kuandika upya, kwa lugha ya kueleweka Kaloleni, fomu moja ya maombi na barua moja ya kudai sababu.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha maneno msaada, ruzuku, posho, marupurupu na mafao. Ni lipi linalomdhihirisha mpokeaji kuwa mwenye haki, na kwa nini?
2. "Udunishaji haumo katika ngeli bali katika upatanisho." Jadili kwa mifano isiyopungua mitano.
3. Pendekeza istilahi ya likizo ya baba ambayo haitamwondoa katika dhana ya uzazi.
4. Andika barua fupi kwa afisa wa wilaya au kaunti ndogo, ukimwakilisha mlezi ambaye mtoto wake ameachwa nje ya orodha, na utumie lugha ya haki badala ya lugha ya maombi.