Mtoto Asiyesema Upesi



Mwezi uliopita tulijifunza juu ya chanjo za watoto wachanga. Mwezi huu twapenda kueleza habari za mtu ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, naye ni mwanasaikolojia wa elimu. Jina ni refu, lakini kazi yake si ngumu kuielewa. Amesomea jinsi mtoto anavyojifunza: anavyofahamu maneno, anavyokumbuka, anavyocheza na wenzake, na kwa nini watoto wengine huchelewa katika mambo hayo. Si daktari wa wazimu, kama wengine wanavyodhani, wala hatoi dawa.

Afadhali tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mtoto wa kiume katika darasa letu la vidudu, umri wake miaka minne. Alikuwa hasemi ila maneno matatu manne tu. Mama yake alitujia mara mbili kuuliza, nasi tukamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, wavulana huchelewa. Atasema tu." Tulisema kwa wema, lakini hatukuwa tumemchunguza. Nyumbani bibi yake alisema ni ukaidi, na majirani walisema mengine yasiyofaa kuandikwa hapa. Alipofika miaka sita ndipo alipopelekwa kupimwa, ikaonekana hasikii vizuri kwa masikio yote mawili. Alikuwa akitokwa na usaha masikioni tangu uchanga wake. Kumbe muda wote ule alikuwa akitutazama midomo. Miaka miwili ilipotea, tena miaka ambayo mtoto hushika maneno kwa wepisi sana.

Basi, mtaalamu huyu hufanyaje kazi na mtoto ambaye hajaanza shule? Kwanza huzungumza na wazazi, kwa sababu wao ndio wanaomjua mtoto. Atauliza habari za uzazi, magonjwa aliyougua, alianza kutembea lini, nani hushinda naye, na nyumbani huzungumzwa lugha gani. Swali hili la lugha ni kubwa kwetu sisi, maana mtoto anayesikia Kigiriama kwa nyanya na Kiswahili kwa jirani asihesabiwe kuwa amechelewa kwa kuwa tu hajui Kiingereza cha mwalimu. Kisha hutaka masikio na macho yapimwe, kabla mtu hajasema neno lolote juu ya akili. Baada ya hapo huketi chini na mtoto na kucheza naye. Mgeni akiingia hapo ataona vibao, mpira na kikombe, aseme hakuna kazi inayofanyika. Lakini mtaalamu anatazama: je, mtoto akionyeshwa kitu huelekeza macho huko? Akishindwa mara ya kwanza, je, akisaidiwa kidogo huweza? Huyu anayeweza akisaidiwa hatuwezi kumhesabu pamoja na yule asiyeweza kabisa.

Katika kupima kuna hatari moja. Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alitoa habari za watoto wa shule wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, ambao walipewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wale wa Manchester walishinda. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengenezea magari ya kuchezea, wale wa Lusaka walishinda. Kwa udongo walikuwa sawasawa. Basi mtoto asiyewahi kushika penseli tukimpima kwa penseli, tumempima penseli! Kwa sababu hiyo tunafurahi kwamba hapa pwani kwetu Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha Kilifi, kilichochapishwa habari zake mwaka 2008, cha kutazama jinsi watoto wa miezi 6 hadi 35 wanavyotumia miguu, mikono na macho yao.

Kupima bila kusaidia ni bure. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, walianza mpango wa kuwasaidia watoto wadogo waliochelewa huko huko nyumbani. Mgeni huja kila juma. Yeye na mzazi huchagua jambo moja dogo, mathalani mtoto ashike kijiko mwenyewe. Jambo hilo hukatwa vipande vidogo zaidi, na mzazi humfundisha mtoto kila siku na kuandika alama katika karatasi mpaka mgeni arudi. Mwalimu hasa ni mzazi. Mpango huo ulifika Uingereza mwaka 1976, na huko wanasaikolojia wa elimu wameshiriki sana kuusimamia. Sisi twaona njia hii yafaa hata penye mkeka na sufuria tu.

Hapa Kenya wanasaikolojia wa elimu ni wachache. Lakini Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kupima watoto mwaka 1984, na chuo cha KISE kule Nairobi kilifunguliwa mwaka 1986 ili kuwafundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Kazi kubwa vituoni hufanywa na walimu hao. Mwalimu wa shule yo yote ya msingi ya serikali aweza kuulizwa kituo kiko wapi.

Mzazi asingoje mtoto atimize umri wa shule. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wa mwaka mmoja na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au yule aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe. Usaha masikioni upelekwe zahanati siku ile ile, wala usitiwe mafuta.

Siku ya kwenda, chukueni kadi ya kliniki, na yule anayeshinda na mtoto aje pia, hata kama ni yaya au nyanya. Andikeni maneno yote ambayo mtoto husema, hata yaliyokatika. Na mtoto awe amelala vizuri na ameshiba, maana mwenye njaa atalia tu, na safari itabidi irudiwe.