Setilaiti Inaona Nini Kwenye Msitu wa Kilosa?

Mtaalamu wa misitu na ramani anajibu maswali yanayoulizwa sana na kamati za maliasili za vijiji vya Kilosa na majirani wa Hifadhi ya Mikumi.

Tumefungua picha ya Septemba, msitu wetu wote umekuwa kahawia. Tumeibiwa?

Pengine hamjaibiwa hata mti mmoja. Miombo hupukutisha majani kiangazi, na kwa setilaiti mti usio na majani hautofautiani sana na ardhi iliyofyekwa. Kosa hili hata watu wenye digrii hulifanya. Chukueni picha ya Juni, mvua zikiwa zimekatika, mawingu yamepungua na majani bado yapo, kisha mlinganishe na ya Juni mwaka uliofuata. Mashamba mengi mapya hufyekwa katikati ya kiangazi, kwa hiyo njia hii huyakamata vizuri.

Je, picha zinaonyesha mkaa unakochomwa?

Inategemea mkaa wa namna gani. Kilosa ina vijiji, kama Ihombwa na Ulaya Mbuyuni, vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012. Huko eneo la kuvuna liligawanywa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, mithili ya ubao wa drafti. Kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue.

Sasa pigeni hesabu. Picha za setilaiti za Landsat zimeundwa kwa chembe (pikseli) za mita 30 kwa 30, hivyo kitalu kizima hakifikishi hata chembe tatu, na kingo zake huchanganyika na miti ya jirani. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zina chembe za mita 10. Hapo kitalu kinapata chembe 25 na drafti inaonekana kwa macho. Anayekata mti mmoja mmoja hapa na pale kwa siri, huyo haonekani kirahisi.

Hata kitalu kikionekana, picha haijui kama mvunaji alikuwa na kibali. Kinachojua ni mpango wenu wa matumizi ya ardhi na daftari la kamati. Wekeni mipaka ya vitalu juu ya picha: doa likiangukia ndani, ni mavuno, likiangukia nje, mtu aende akaangalie. Mara nyingi atakuta mahindi au ufuta. Utafiti wa Tanzania nzima uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kilimo ndicho kinachoongoza kwa kumaliza misitu, ingawa lawama zote humwangukia mchoma mkaa.

Tuliona moto Mikumi jioni, mbona ramani ya NASA haina kitu?

Setilaiti zenye vipima moto hupita kwa saa zake. Zenye kipima kiitwacho VIIRS hupita takribani saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto wa nyasi uliowashwa saa kumi na moja jioni ukazimika saa nne usiku umepita katikati. Subirini siku chache mtafute kovu jeusi kwenye Sentinel-2. Msikawie, maana nyasi zikichipua upya, linafutika. Tena si kila kovu ni uhalifu: hifadhi nazo huchoma mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, ili moto wa Septemba usipate cha kula.

Na mafuriko ya mto Mkondoa?

Mto ulipovunja kingo mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukafukuza watu majumbani na kung'oa reli ya kati, mawingu yangezuia picha za kawaida. Tangu 2014 kuna rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu, na maji yaliyotulia hutokea meusi. Majaruba ya mpunga nayo hutokea meusi vilevile, kwa hiyo mjue mashamba yenu yako wapi kabla ya kupeleka taarifa wilayani.

Gharama?

Picha ni bure. Za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinaanzia 1972. Fedha inayohitajika ni ya bando, simu yenye GPS, na mafuta ya pikipiki ya yule anayekwenda kuhakiki. Bajeti nyingi nilizoziona hununua kompyuta na kusahau mafuta. Mkiwa na kidogo, anzeni na pikipiki. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini, na kina kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Ombeni wawachapie ramani.