Kupiga Kinanda kwa Wepesi

Katika maneno ya Kitaliano yaandikwayo juu ya nota, mwezi huu na tulitazame leggiero, ambalo husomwa "lejero". Vitabu vingine huandika leggero. Ni neno lile lile, na maana yake ni "kwa wepesi".

Walimu wengi wa kwaya hulichanganya na piano, yaani kwa sauti ndogo, au hulidhani ni amri ya kukimbia. Sivyo. Wimbo waweza kwenda polepole na vidole vikawa vyepesi. Kinyume chake ni pesante, kwa uzito. Tena tusilichanganye na staccato, kile kitone juu au chini ya nota, kiamrishacho kuikata sauti kabla ya wakati wake kwisha. Leggiero ni habari ya uzito wa mkono, ingawa mara nyingi nota nazo hutengana kidogo.

Piano hupiga nyuzi kwa nyundo, hivyo kidole kizito huleta sauti kubwa. Lakini kinanda cha kukanyaga hupata upepo kutoka miguuni, nao hutikisa ndimi za shaba. Hata ukibonyeza kwa nguvu za kutwanga uwele, sauti haizidi. Basi atafutaye leggiero na aanze na miguu: akanyage taratibu na sawasawa, kisha vidole viinuke mapema kidogo. Nota zikishikiliwa mno huingiliana, na washarika huuvuta wimbo hata pumzi ikawaishia katikati ya ubeti. Wazee ndio waumiao kwanza.

Sisi wa Ugogo hatuhitaji kwenda Italia kuyajua haya. Mtazameni mpiga ilimba: kidole gumba hubonyeza ulimi wa chuma, nao hulia pale unapoachwa. Kwenye kinanda kuachia ni mwisho wa sauti; kwenye ilimba ni mwanzo wake. Gumba zito hukawia kuachia, na mdundo wote huchelewa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alipiga ilimba kubwa zenye vyuma vingi, wala uimbaji wake haukumezwa.

Kwa zoezi, chagueni wimbo mnaoujua sana. Pigeni sauti ya kwanza peke yake kwa mkono wa kuume mpaka vidole vitii, ndipo mwongeze besi. Mkono wa kushoto ndio mkaidi. Upeni siku zaidi.