Ukoo Wangu wa Kwanza Ulikwisha kwa Jioni Mbili

Mpwa wangu alikuja likizo na gemu yake, akaisahau kwangu aliporudi shule. Ndivyo nilivyojikuta, mtu mzima na mvi zangu, nimekuwa zamadamu mwenye manyoya juu ya mti, Afrika ya miaka milioni 10 iliyopita. Gemu yenyewe inaitwa Ancestors: The Humankind Odyssey. Ilitoka mwaka 2019, kazi ya studio ya Panache ya Montreal, chini ya Patrice Désilets, mmoja wa waliobuni Assassin's Creed. Mwanzoni kabisa inakuonya kwamba haitakusaidia sana. Nikadhani ni mbwembwe tu.

Haya niliyojifunza, mengi nimejifunza kwa kuliwa.

1. Mtoto mgongoni kwanza

Jioni ya kwanza niliwaacha watoto kambini nikiona ni mzigo. Nikazunguka msitu mzima peke yangu: nimeonja matunda, nimegonga mawe, nimepata maji. Nilipofungua ukurasa wa ubongo kuona nimepiga hatua gani, hakuna kilichosogea. Saa mbili zangu zimekwenda na maji.

Kumbe nguvu ya niuroni, yaani zile seli za ubongo zinazokufungulia ujuzi mpya, hukusanywa pale tu unapokuwa na mtoto. Mkubwa mmoja anaweza kubeba wawili. Kila unachonusa, unachoshika na unachogongagonga, wao wanakitazama kutoka mgongoni, na hapo ndipo ukoo unajifunza. Mwanamke yeyote aliyewahi kupalilia shamba na mwanawe mgongoni angelijua hili bila kuambiwa. Mimi nililielewa siku ya pili, tena baada ya kubaki na mtoto mmoja.

Bebeni watoto. Hata mkienda kunywa maji.

2. Mashambulizi hayaji kimya

Mnyama aliyenimaliza mara nyingi zaidi ni Machairodus, paka mkubwa mwenye meno kama majambia. Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama mtoni nakunywa. Nilisikia kitu kama pumzi kwenye majani, nikasema nimalize kwanza haya maji. Sikumaliza.

Anaporuka, muda unapungua mwendo kwa sekunde hivi, na hapo una nafasi moja ya kuchagua upande na kubonyeza kitufe ili ukwepe. Mchezaji mgeni hubonyeza kila kitu kwa pamoja. Tulia, kwepa kwanza, kisha panda mti. Kupigana ni kwa yule aliyeshika fimbo iliyochongwa, tena mwenye wenzake nyuma yake. Ukiwaita watu wazima wa ukoo wakufuate mkapiga kelele pamoja, hata huyo paka huwafikiria mara mbili. Peke yako, wewe ni kitoweo.

Ndiyo maana nasema kabla ya kushuka mtini simama kwenye tawi, usikilize, kisha unuse. Ni vitufe tu, lakini ukivitumia unajua chatu yuko wapi kabla yeye hajajua ulipo.

3. Yai si chakula, bado

Niliona kiota, nikasema leo tumepata. Nikala yai, skrini ikaanza kuyumba, tumbo la zamadamu wangu likawa limechafuka. Mwili huu umezoea matunda. Mayai na nyama unavianza kidogo kidogo, unaumwa, unakunywa maji, unarudia siku nyingine, mpaka tumbo lizoee. Msiwalishe ukoo mzima kwa mara moja, mtajikuta na hospitali bila daktari.

Dawa zipo, lakini ni juu yako kuzitambua. Niliona miraa imo humo porini, nikacheka peke yangu sebuleni.

4. Kuchonga ni kwa masikio

Hapa nilitaka kuitupa padi. Unaokota tawi, unalihamishia mkono wa pili, kisha unalipapasa kutoa vijani: inabaki fimbo. Ukiwa na jiwe mkono mwingine, unaichonga ncha. Ncha hiyo utavulia samaki, utachokolea mzinga wa nyuki na kichuguu. Rahisi kusimulia.

Kazi iko kwenye wakati. Unashikilia kitufe, unasubiri sauti fulani ndogo, ndipo unaachia. Ukiachia mapema, hakuna kitu. Ukichelewa, hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimepunguza sauti ya runinga nisiamshe watu, nikaharibu kazi usiku kucha nikiamini gemu ni mbovu. Siku niliyovaa vipokea sauti masikioni, fimbo tatu mfululizo zilitoka safi. Vaeni. Jiwe la kupasulia kokwa nalo ni hivyo hivyo.

5. Giza si usiku

Ukivuka kwenda eneo usilolijua, dunia inafifia rangi, na vivuli vya wanyama vinakutokea kila upande. Ni woga huo. Usikimbie hovyo, kwa sababu ukizidiwa, zamadamu wako anapagawa na kukimbia mwenyewe bila wewe kumwongoza. Tambua vitu vilivyo karibu, kimoja baada ya kingine, jani hili, jiwe lile, mpaka ujasiri ujae. Kisha giza linaondoka.

6. Usiharakishe vizazi

Kuna uwezo wa kuruka kizazi: miaka 15 inapita mara moja, watoto wanakuwa watu wazima, watu wazima wanakuwa wazee, na wazee wanakufa. Mimi niliuona kama njia ya mkato. Nilikuwa na mtoto mmoja. Fanya hesabu mwenyewe.

Kabla ya kuruka, hakikisha watu wazima wametoana chawa, wamepatana, wamelala kwenye kitanda cha majani, wamezaa. Idadi ya watoto ndiyo inayoamua niuroni ngapi utazihifadhi ziende kizazi kinachofuata, zisizohifadhiwa zinapotea. Kuna pia kuruka kukubwa zaidi, kwa mageuzi yenyewe, ambako matendo yako yote yanahesabiwa na unasogezwa maelfu kwa maelfu ya miaka. Gemu inakupima na yale wanasayansi waliyoyapata ardhini, ikikuambia uko mbele yake au nyuma. Mimi mara nyingi nilikuwa nyuma. Ukilinganisha na zamadamu aitwaye Orrorin, aliyepatikana Baringo, Kenya, mwaka 2000, mwenye umri wa takriban miaka milioni 6, ukoo wangu ulikuwa bado unagombania matunda juu ya miti.

7. Kusimama

Kuna kitufe cha kusimama kwa miguu miwili. Tangu mwanzo. Lakini unapiga hatua chache tu, unarudi kwenye mikono. Simama tu kila unapokumbuka, mtoto akiwa mgongoni. Taratibu niuroni zinafunguka, na ukisimama unaona mbali juu ya nyasi.

Nakala ya nyayo za Laetoli ipo kwenye makumbusho pale Oldupai. Nilishawahi kusimama mbele yake nikiwa mwanafunzi, nikiwaza chakula cha mchana. Miaka milioni 3.6 na zaidi iliyopita, majivu ya volkano yakiwa mabichi, watu wakapita na njia zao. Juzi, ukoo wangu wa nne ulipotoka msituni kwenda mbugani, jike langu likasimama, watoto wawili mgongoni, likatembea hatua kumi, kumi na tano, ishirini.

Mpwa wangu alikuwa amerudi kuichukua gemu yake. Akatazama skrini.

“Mjomba, mbona anatembea kama babu akitoka kuoga?”

Nikamwambia akae chini, asiniguse padi, bado hatujafika kwenye maji.