Mama mkwe anamlisha kwa kijiko, mimi naitwa katili



Mume wangu ana miaka 54, ni fundi cherehani hapa Tanga. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Sasa anatembea kwa kuburuta mguu. Mkono bado mzito, ila vidole anavifumba na kuvifumbua kidogo. Maneno yanamtoka polepole.

Mama mkwe alikuja kutusaidia, nami namshukuru. Lakini anamfanyia kila kitu: anamlisha, anamvalisha, hata jasho anampangusa. Hospitali tuliambiwa ajitahidi mwenyewe, basi juzi nikamwekea sahani ya wali nikatoka nje. Niliporudi wali umejaa mkekani, yeye analia, na mama mkwe akanisema mbele ya watoto kwamba nimemchoka mwanawe. Tangu siku hiyo hataki kwenda mazoezini. Shangazi, mimi ni katili?

Mke wa Fundi, Tanga

Mwanangu, pole kwa kuuguza.

Ukatili huna. Ila siku ya wali ulikosea, na mama mkwe anakosea kila siku. Yeye anamfanyia, wewe ulimwachia. Mgonjwa wa kiharusi hahitaji kufanyiwa wala kuachiwa; anahitaji mtu wa kufanya naye.

Kiharusi hupiga kichwani. Damu imeshindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa umepasuka. Mkono hauna jeraha, ila aliyekuwa akiuamrisha ndiye aliyeumia. Bahati nzuri ubongo hujipanga upya, sehemu zilizosalimika zikajifunza kazi ya zilizokufa. Lakini hujifunza kama mwanafunzi wa ufundi: kwa kurudia jambo lilelile mara nyingi, kila siku. Miezi ya mwanzo ndiyo nafuu huja mbiombio. Baadaye hupunguza mwendo, ila haikomi. Kwa hiyo mwezi wa nne si wa kukata tamaa, wala si wa kulishwa.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, aliyeonyesha kwamba mkono ukijaribiwa ukashindwa mara kadhaa, mwenyewe huuacha, na mazoea ya kuuacha hubaki hata nguvu zinapoanza kurudi. Tiba aliyoibuni ni kuuvika mkono mzima glovu nene usishike kitu, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 222 wa hukohuko Marekani, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapate kiharusi. Waliofanyishwa hivyo kwa wiki mbili waliwapita wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele. Usikimbilie kumvika glovu. Tiba hiyo ina masharti na msimamizi. Nimekutajia ili uone kijiko cha mama mkwe kinafundisha nini: kwamba mkono ule hauna kazi.

Sasa rudini mezani, lakini msianze na wali. Akae wima kitini, nyayo zimekanyaga chini. Anza na kipande cha muhogo wa kuchemsha, hakimwagiki. Weka kiganja chako chini ya kiwiko chake, uubebe uzito wa mkono, vidole vishike vyenyewe. Leo umsindikize mpaka karibu na mdomo, amalizie yeye. Kesho mwachie mapema kidogo. Kikombe kiwe nusu, na chai isiwe ya moto, maana mkono wenye ganzi huungua bila habari. Akiwa anakohoa kila anapokula au kunywa, simamisheni mkamwone daktari, chakula kisije kikaingia kwenye mapafu.

Shati aanze kuvaa mkono mgonjwa, akivua aanze mzima. Na asiinuliwe na mtu yeyote kwa kuvutwa ule mkono, wala kubebwa kwapani: misuli inayolishika bega imelegea, na bega likiteguka, maumivu yake yatamtoa kabisa kwenye mazoezi.

Nyumbani kwenu kuna vifaa vizuri tayari. Mwulize mtaalamu wa mazoezi kama anaweza kukalishwa kwenye cherehani, sindano ikiwa imetolewa. Gurudumu liko kulia, palepale ulipo mkono wake, akalizungushe taratibu. Mkebe wa vifungo nao ni hospitali: avichambue, vikubwa huku, vidogo kule. Na kama alikuwa mchezaji wa bao, mwiteni jirani yake. Kuokota kete na kuziacha moja moja shimo kwa shimo ni zoezi ambalo hatahesabu amelifanya mara ngapi.

Mama mkwe usibishane naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye hamlishi mtu wa miaka 54, anamlisha mtoto aliyekaribia kumpoteza. Nenda naye kliniki, amsikie mtaalamu kwa masikio yake, maana likitoka kwako ni neno la mkwe. Kisha mpe kazi, usimnyang'anye. Awe mlinzi wa mkebe wa vifungo, ahakikishe kila asubuhi na jioni umefunguliwa. Mapenzi yale yanahitaji pa kwenda.

Nimemwacha fundi mwisho, kama mlivyomwacha nyumbani. Kusema polepole si kufikiri polepole. Mtu mzima aliyekuwa akiwapima watu viuno na mabega analishwa mbele ya wanawe, halafu siku moja anaachwa peke yake na sahani. Mtake radhi kwa ule wali. Kisha mwulize anatamani kufanya nini kwanza, usubiri jibu hata likichukua dakika tano, na hilo atakalolisema ndilo muanze nalo. Akiendelea kulia au kukataa kila kitu, mweleze daktari. Sonona baada ya kiharusi ni ugonjwa, huwapata wengi, na una tiba. Na kama amepewa dawa za presha, asiziache hata akijiona mzima, kiharusi kisije kikarudi.

Nawe mtafute wa kukupokea hata jioni mbili kwa wiki. Umeuguza miezi minne bila kupumzika, na uchovu huo ndio uliokutoa nje siku ile.

Siku atakapojifungia shati mwenyewe akakosea tundu, wewe na mama mkwe mwacheni aende nalo barazani hivyohivyo. Yeye ni fundi, kosa ataliona.

Shangazi